Kijapani Nilichojifunza kwa Kiha

Juzi binti yangu alikuwa amekaa barazani, simu mkononi, analalamika. Anapenda katuni za Kijapani, na sasa ameamua kujifunza lugha yenyewe kwa programu ya kwenye simu. "Mama, vitenzi vya hawa watu havina akili," akasema. "Neno 'kuandika' limeshageuka mara tano na bado sijafika popote." Nilikuwa nachambua mchele. Bila kuinua kichwa nikamwambia: "Kakanai, kakimasu, kaku, kakeba, kakoo. Na kama umeshaandika, kaita. Shika hilo moja vizuri, mengine yatakufuata yenyewe."

Akanikodolea macho. Mama yake anauza dawa za kilimo hapa Kasulu. Kijapani kakitoa wapi? Akauliza. Nikamjibu vibaya, na mtoto wa watu hakuwa na kosa lolote, kwamba aache simu akaoshe vyombo. Kisha nikabaki na ungo wangu mapajani, na hasira ambayo nilidhani nimeizika zamani sana. Kumbe nilikuwa nimeifukia juu juu tu.

Basi wacha niiseme. Nyinyi wa rika langu mliosoma shule za msingi kule kwetu hamtahitaji maelezo mengi.

Nilikulia Murungu, Kibondo, mimi na mama yangu, baba akiwa ameshafariki. Shamba letu la maharage lilipakana na nyumba aliyopangishiwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, dada mmoja wa Kijapani aliyekuja kufundisha kwa kujitolea. Kijiji kizima kilimwita Mchina. Alikuwa akisimama njiani, anainamisha kichwa kidogo, anasema taratibu, "Samahani, mimi si Mchina, mimi ni Mjapani," na watu wanamjibu kwa heshima zote, "Sawa, Mchina, karibu sana." Jina lake lilikuwa Naomi. Wamama wa kanisani walipolisikia wakaridhika kwamba huyu kabatizwa, na hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kueleza kwamba hilo ni jina la kwao kabisa.

Mwalimu Naomi alikuwa anapigana na Kiswahili. Alikuwa na vikaratasi vigumu vidogo, vimetobolewa pembeni na kufungwa kwa pete ya chuma, kila kimoja na kitenzi chake. Jumamosi mchana alinikaribisha barazani kwake, ananimiminia chai isiyo na sukari wala maziwa, rangi yake kama maji ya majani mabichi, halafu ananiuliza maswali ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeyauliza.

"Jenitha, 'ninakula'. Lakini, 'sili'. Ile 'ku' imekwenda wapi?"

"Imeshiba, mwalimu."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Halafu akaandika kwenye kikaratasi chake, kwa uzito wote, kana kwamba nimempa kanuni. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuandika jambo nililosema.

Nikataka na mimi nimuulize ya kwao. Tukakubaliana: saa moja ya Kiswahili, nusu saa ya Kijapani. Alinipa daftari jipya lenye jalada la kijani, na nikaanza kukusanya maneno yake kama watoto wengine wanavyokusanya vizibo vya soda. Tabemasu, nakula. Tabemashita, nilikula. Tabemasen, sili. Nilidhani kila moja ni neno la peke yake, na nikawahurumia watoto wa Japani kwa kukariri. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba neno halisemi nani kala. Nilipomuuliza, akasema, "Mtu anajua tu." Nikaenda nyumbani nimeshahukumu: hawa Wajapani ni watu wa kufichiana wezi. Nyama ikipotea jikoni kwao, wanasema tu "ililiwa huko" na kesi imekwisha.

Siku iliyonifungulia mlango ilikuwa ya kawaida kabisa. Mwalimu Naomi aliandika kitenzi cha kuandika kwa kukishusha mstari mmoja mmoja: kakanai, siandiki. Kakimasu, naandika, ukiongea na mtu unayemheshimu. Kaku, naandika, ukiongea na mwenzako. Kakeba, nikiandika. Kakoo, tuandike. Nikayatazama. Ka, ki, ku, ke, ko. Nikapiga kelele. Lilikuwa somo la darasa la kwanza! Ile ba be bi bo bu tuliyoimba na fimbo ya mwalimu ikigonga ubaoni. Neno halikuwa linageuka ovyo. Lilikuwa linapita kwenye irabu zote tano, linachukua mkia kila mahali linapotua. Nikamwomba neno jingine. Akasema nomu, kunywa. Nikaandika mwenyewe bila kuambiwa: nomanai, nomimasu, nomu, nomeba, nomoo. Akalichukua daftari, akalitazama, akasema neno moja la Kijapani ambalo hakunitafsiria, na uso wake ukawa mwekundu.

Lakini wakati uliopita ulinishinda. Kaku haikuwa kakuta, ilikuwa kaita. Nomu ikawa nonda. Kwa nini? Mwalimu Naomi alijaribu kunieleza, Kiswahili kikamwishia. Nikarudi nyumbani nimenuna. Mama alikuwa ameketi uani anapura maharage, ananisimulia mambo ya shambani kwa Kiha, maana mama yangu kwa Kiha alikuwa hatari. Alimwigiza mwenyekiti wa kitongoji anavyotembea, alimwigiza mbuzi wa mwenyekiti, kisha akawafanya wote wawili waongee, na mbuzi ndiye aliyekuwa na hoja. Nilikuwa nacheka huku nikimsikiliza, na katikati ya kicheko masikio yangu yakanasa: gukora, kufanya kazi, lakini nakoze, nilifanya. Kuvuga, kusema, lakini navuze, nilisema. Konsonanti ya mwisho haiwezi kuingia wakati uliopita na nguo ileile. Lazima ibadilike mlangoni. Kiswahili hakinifanyii hivyo. Kinaweka "li" mbele na mwisho hauguswi. Kiha ndicho kilichokuwa kinafanya kama Kijapani, na nilikuwa nimekinyonya na maziwa.

Nikachora safu tatu kwenye lile daftari: Kijapani, Kiha, Kiswahili. Nilijaza kurasa kumi na moja. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, na nasema hivyo nikiwa nimeshaolewa na kuzaa.

Sasa tuje kwenye kibao. Mnakikumbuka. Kipande cha ubao kilichotobolewa na kutiwa kamba, kimeandikwa kwa rangi nyekundu NIMEONGEA KIHA. Anayenaswa anaongea Kiha anavalishwa shingoni, na hakivui mpaka amnase mwenzake. Atakayekutwa nacho saa ya kwenda nyumbani anachapwa. Kwa hiyo siku nzima watoto tulikuwa tunawindana. Ulimkanyaga mwenzako makusudi ili aseme "yoo!" kwa lafudhi ya kwao. Tulifundishwa hesabu, tukafundishwa sayansi, na tukafundishwa kuwa wapelelezi wa mama zetu. Aliyeleta utaratibu huo, au aliyeusimamia kuliko wengine, alikuwa Mwalimu Lameck, mwalimu wa taaluma, aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Sitamsingizia: alifundisha hesabu za sehemu vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyempata baadaye. Ila Kiha hakukijua hata cha salamu, na jambo ambalo hakulijua hakulipenda.

Nilikuwa nafagia mstarini, nanong'ona nakoze, navuze, kaita, nonda, kama mtu anayesali. Rafiki yangu Veronika, aliyekuwa na kibao tangu asubuhi, akanisikia. Akakivua, akanivika, hakunitazama usoni. Simlaumu. Hapana, nilimlaumu, miaka mingi tu, lakini nimeshaacha.

Saa ya kwenda nyumbani Mwalimu Lameck alinipekua begi, sijui alikuwa anatafuta nini. Akatoa daftari la kijani. Akasoma. Akafunua ukurasa, akasoma tena, midomo inacheza: "Wa-ka-ri-ma-su. Ka-ki-ma-sen. No-mi-ma-shi-ta." Akanitazama kama mtu aliyefumania.

"Hiki ni Kirundi," akasema.

Mtu wa mbali ataona ni kichekesho. Aje akae Kibondo. Makambi ya wakimbizi yalikuwa jirani, Kiha na Kirundi vinasikilizana kama ndugu wa baba mmoja, na kila mtu mzima kule alijua kwamba neno moja mbele ya mtu asiye sahihi lingekufanya uulizwe babu yako kazikwa wapi. Kila mwaka, kabla ya majina ya darasa la saba kupelekwa wilayani, ilivuma kwamba watoto wa kambini wamejipenyeza shuleni. Na Mwalimu Lameck ndiye aliyeandika yale majina. Mbele yake kulikuwa na daftari lenye safu mbili asizozijua, na zote mbili, kwa masikio yake, zilisikika ng'ambo ya mpaka. Hakuniuliza ni lugha gani. Aliniambia ni lugha gani. Kisha akatoa orodha ya watahiniwa, akaweka rula, na akakata mstari juu ya jina langu.

"Kesho uje na mama yako."

Mtoto aliyekatwa jina hafanyi mtihani, na asiyefanya mtihani harudi darasani, anarudi kwenye jembe. Nilijua hivyo, na ndiyo maana nililia njia nzima. Nilisema mara moja tu, "Mwalimu, ni Kijapani," akaniambia nisimfanye mtoto mwenzangu.

Mama alikuja asubuhi akitokea shambani, tope miguuni, kitenge cha heshima amejifunga juu ya kile cha kazi. Jembe aliliegemeza nje ya mlango wa ofisi. Walimu walikuwa watatu mle ndani; wawili walikuwa wanasahihisha, hawakuinua macho. Nilipigishwa magoti pembeni, kibao bado shingoni. Mama hakupewa kiti.

"Umezaliwa wapi?" Mwalimu Lameck akauliza.

"Nyabibuye, mwalimu."

"Mpakani." Aliwatazama wenzake. "Cheti cha kuzaliwa kipo?"

"Mwalimu, sisi zamani hatukuwa na vyeti. Nina kadi ya kliniki ya mtoto. Nina kadi ya kupigia kura, iko nyumbani, niifuate?"

"Kadi mtu anaweza kupata popote. Hebu nihesabie. Moja mpaka ishirini, kwa Kiswahili."

Mama alidhani hajasikia vizuri. Alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Mwalimu Lameck akarudia, sauti imepanda kidogo: "Hesabu, mama. Mtanzania anajua kuhesabu."

Akahesabu. Mama yangu, mtu mzima, mweka hazina wa kikundi cha wamama kanisani, alisimama mikono kando kama mtoto wa chekechea akahesabu, moja, mbili, tatu, huku anaangalia ukuta. Alifika kumi na saba. Woga ukamshika, ulimi ukateleza, na nane ikatoka kwa Kiha.

Mwalimu Lameck alipiga meza. "Umesikia? Umesikia mwenyewe?"

Na mimi, wenzangu, niliyepiga magoti pale na niliyejua fika mama yangu ni nani, niliona aibu juu yake. Niliwaza, kwa nini asingefanya mazoezi? Kwa nini ameniponza? Nikaanza hata kujiuliza kama kweli ni Mrundi na amenificha. Hivyo ndivyo mambo haya yanavyofanya kazi. Anakupiga yeye, halafu wewe unamgeukia aliyepigwa pamoja nawe.

Hatujui ingeishia wapi, maana baiskeli ilisikika uani na Mwalimu Naomi akaingia, kofia ngumu bado kichwani, chaki mikononi. Veronika alikuwa ametoroka darasani, amekimbia mpaka sekondari kumwita. Mwalimu Naomi aliinamisha kichwa kwa walimu wote, mmoja mmoja, hata katika haraka ile. Aliniona na kibao. Akamwona mama. Akaomba daftari.

Alisoma akiwa amesimama. Zile safu tatu sikuwa nimemwonyesha bado; nilitaka kwanza nimalize. Alifunua kurasa zote kumi na moja na hakuna aliyemkatiza, maana mgeni hakatizwi.

"Mwalimu," akasema, "hiki ni Kijapani. Hiki hapa katikati, mimi sijui. Nadhani ni Kiha. Amepanga. Ameelewa." Akatafuta neno, hakulipata, akaguna kwa hasira yake mwenyewe. "Watu wazima kwetu, wageni, wanasoma mwaka, miaka miwili, hawaelewi. Yeye ameelewa. Kwa Kiha."

Kisha mmoja wa wale waliokuwa wanasahihisha akasema, "Kumbe ni Kichina!" na ofisi nzima ikaangua kicheko. Mwalimu Lameck alicheka kuliko wote. Alipangusa macho kwa kitambaa. "Aisee, Jenitha, ungetuletea balaa." Akachukua orodha, akaandika jina langu upya chini kabisa, kwa kalamu ileile. "Mama, usijali. Tulikuwa tunafuata taratibu tu."

Nilidhani sasa ataomba radhi. Nilisubiri kabisa, magoti yananiuma, namtazama mdomoni. Akasema: "Ila kibao ni kibao," akachukua fimbo, akanichapa mbili mkononi mbele ya mama na mbele ya Mwalimu Naomi. Kosa langu la kwanza lilikuwa limefutwa. La pili, la kuongea lugha iliyonifanya nielewe, lilibaki palepale.

Na hapo ndipo penye donge langu. Siyo fimbo, fimbo tulizila kama uji. Mwalimu Naomi aliinama, safari hii kwa kina, akasema, "Samahani kwa usumbufu, mwalimu." Mama yangu alipiga goti sakafuni, akapiga makofi yale madogo ya heshima ya kwetu, akasema, "Asante sana, mwalimu. Mungu akubariki." Wanawake wawili niliowapenda kuliko watu wote duniani, mmoja anamwomba radhi yule mtu, mwingine anamshukuru. Asante ya nini? Ya kumrudishia mtoto wake jina ambalo yeye mwenyewe alilikata? Nilitaka kupiga kelele. Leo nina umri unaoupita ule wa mama siku ile, naelewa alikuwa anamalizia mambo haraka kabla mtu hajabadili mawazo, naelewa na ile ya Mwalimu Naomi kuinama. Naelewa, na bado nimekasirika. Kuelewa hakuponyi kila kitu.

Tukashika njia ya nyumbani. Alibeba jembe begani, mimi nyuma yake na daftari langu kwapani. Tulipofika uani akageuka, akasema kwa Kiswahili, "Kuanzia leo, humu ndani, Kiswahili tu."

Nilidhani ni maneno ya hasira, yataisha kesho. Hayakuisha. Mama hakuwahi tena kuongea nami Kiha. Wala hakunipiga, wala hakulichoma daftari. Alilifunga kwa kitambaa akaliweka kwenye sanduku lake na nguo za kanisani. Ila mazungumzo yalikwisha. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha ofisini, kidogo, cha kukwaruza. Yule mama wa Kiha, aliyempa mbuzi hoja, hakuingia ndani ya Kiswahili hata siku moja. Aliyebaki nami ni mwanamke wa maneno machache: Umekula? Umefua? Funga mlango. Nikikaribia nikamkuta anawachekesha majirani kwa Kiha, anakata katikati, anageuka, anasema, "Jenitha, chota maji." Na mimi nilisadiki miaka yote ile kwamba ananiadhibu. Kwamba kwa sababu ya daftari langu alisimamishwa akahesabishwa, na hatanisamehe. Nilifaulu mtihani, nikaenda sekondari, nikaenda chuo, na kila nilipofaulu nilijisemea kwamba nimenunua cheti kwa bei ya mama.

Mwalimu Naomi muda wake ulikwisha mwaka huohuo. Aliniachia vile vikaratasi vyake vya Kiswahili, kile cha "imeshiba" kikiwemo. Barua zilikuja mbili, tatu, kisha zikakoma, na kosa ni langu; sikujua nimwandikie nini.

Mwaka jana mama aliugua, nikamleta hospitali hapa Kasulu. Moyo ulikuwa umechoka, daktari alinieleza wazi. Mchana mmoja alikuwa ametulia, macho yamefumbwa, mkono wake ndani ya wangu, na nikasema moyoni, basi, ni sasa. Nikainama sikioni kwake, nikamwita kwa Kiha, nikamwambia kwa Kiha kwamba daftari lipo bado, na kwamba sijamchukia hata siku moja. Kiha changu kilikuwa na kutu, lakini kilitoka.

Akafumbua macho. Hakunitazama mimi. Alimtazama muuguzi aliyekuwa anabadilisha dripu kitanda cha pili, binti wa Kiha kabisa, wa kutoka Heru, ambaye asubuhi ile ile alitusalimu kwa Kiha wodi nzima. Mama akanibana vidole kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Ongea Kiswahili, mwanangu," akaninong'oneza. "Watakusikia."

Nikamuuliza kwa Kiswahili kama anataka maji.